Si Kila Homa ni Malaria: Kuzitambua Dalili za Influenza

Mtu anapopatwa na homa Ipililo, mkoani Simiyu, kama ilivyo kwingineko katika Kanda ya Ziwa, ugonjwa wa kwanza kushukiwa ni malaria. Shaka hiyo ina msingi, kwa kuwa malaria ingali inaua. Hata hivyo, baadhi ya homa hizo husababishwa na virusi vya influenza, yaani mafua makali.

Mafua ya kawaida huanza polepole kwa koo kuwasha, chafya na kamasi, na mgonjwa huendelea na shughuli zake. Influenza huanza ghafla, siku 1 hadi 4 baada ya maambukizi. Mkulima aliyekwenda shambani asubuhi akiwa mzima huweza kurejea jioni akitetemeka, akiwa na homa kali, kikohozi kikavu, maumivu ya kichwa na misuli, na uchovu unaomlaza kitandani. Watoto huweza pia kutapika au kuhara. Kwa kawaida homa hupungua baada ya siku chache, ilhali kikohozi huweza kudumu wiki 2 au zaidi.

Kikohozi na maumivu ya koo huelekeza kwenye influenza, lakini havitoshi kuiondoa malaria, hasa kwa mtoto. Uhakika hupatikana kwa kupima damu. Kipimo cha haraka hutoa majibu kwa muda usiozidi nusu saa. Kumeza dawa mseto bila kupima huweza kuficha ugonjwa halisi. Vilevile, majibu yasiyoonyesha malaria si ruhusa ya kumpuuza mgonjwa.

Wengi hupona kwa mapumziko, vinywaji vya kutosha na parasetamoli. Viuavijasumu haviui virusi, na mtoto asipewe aspirini. Hatari kubwa ni nimonia, hasa kwa watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee, na wenye VVU, pumu, kisukari au selimundu.

Mgonjwa afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa aonapo mojawapo ya haya:

- kupumua kwa shida au kwa haraka (kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika);
- kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi;
- kushindwa kunywa au kunyonya;
- degedege au kuchanganyikiwa;
- homa iliyokwisha kurudi pamoja na kikohozi kikali zaidi.

Kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika 1 nzima hakuhitaji gharama yoyote, nako huweza kuokoa maisha yake.