Utamodifai Mark II Yako au Utanunua Tourer V? Kwanza Uliza Breki!

Wiki hii tuyaweke kando mambo ya mapenzi na viwalo, tuzungumzie ugonjwa mwingine unaowamaliza vijana wa mjini: mkoko.

Pale kijiweni kwetu Mlandege, Iringa, kaa nusu saa tu na kahawa yako utasikia ubishi uleule. Kuna kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema: gari unalo, kwa nini uuze? Mpelekee fundi, funga turbo, toboa egzosi, kata springi likae chini, mji mzima utajua umepita. Kambi ya pili inasema: acha kupoteza mshiko wako, uza hilo, jazia, nunua gari lililotoka kiwandani na nguvu zake.

Nikuambie jambo moja la aibu. Mimi nilikuwa kambi ya kwanza, tena mwenyekiti. Mdomo wangu nusura uue watu wawili, mmoja wao nikiwa mimi mwenyewe.

SURA MOJA, ROHO MBILI

Mshikaji wangu ana Mark II, ile wanayoiita GX 110. Gari safi, rangi ya maziwa, alilipata kwa jasho la biashara ya mbao. Injini yake ni 1G, silinda sita, ujazo wa lita mbili, na kiwanda kiliipa nguvu za farasi 160. Kwa kwenda kazini na kurudi inatosha na kubaki.

Tatizo lilianza siku alipopitwa. Alikuwa anapanda kutoka Ipogolo kuja mjini, amekanyaga mafuta mpaka chini, mara akatokea jamaa na Chaser, akampita kama amesimama. Ile Chaser ilikuwa Tourer V. Kwa asiyejua, Chaser na Mark II za enzi zile ni ndugu wa tumbo moja. Lakini Tourer V imebeba injini ya 1JZ, lita mbili na nusu yenye turbo, farasi 280.

Hiyo namba 280 ina kisa chake. Kuanzia mwaka 1989 mpaka 2004, viwanda vya Japani vilikuwa na makubaliano kwamba kisitangaze kimoja wao gari la kawaida lenye zaidi ya farasi 280. Ndiyo maana Tourer V, Subaru Impreza STI na Nissan Skyline GT-R za miaka ileile zote kwenye makaratasi zimeandikwa namba moja. Huko barabarani kila mmoja alikuwa na siri yake.

Halafu kuna suala la hewa ya kwetu. Injini inakula petroli na hewa. Iringa iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na Mbeya ni juu zaidi. Hewa huku ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 14 au 15 ya nguvu zake. Zile farasi 160 za mshikaji zikifika Mlandege zinabaki kama 136. Turbo inashindilia hewa kwa nguvu kabla haijaingia kwenye silinda, hivyo haiumizwi sana na milima. Jamaa wa Chaser hakuwa dereva hodari kumshinda. Alikuwa na pumzi.

Basi mshikaji akaja kijiweni amenuna kama kaachwa na mchumba. Ana hela ndani, lakini hela ile ina kazi: ni ya mabati ya bimkubwa wake, nyumba inavuja. Akaniuliza, "Mwanangu, nifanyeje?"

Mimi, mwenyekiti wa kambi ya kwanza, nikamjibu bila kufikiri: "Funga turbo bwana. Mvua bado, bimkubwa atasubiri."

ROHO ILIRUKA KITONGA

Turbo ya mtumba ikapatikana, fundi akapatikana, wiki mbili mkoko ukatoka gereji. Wacha wee! Ulikuwa unalia kama ndege ya jeshi. Tukapiga raundi mbili za mji, watoto wa shule wakawa wanapunga mikono. Nilijiona mtu mwenye akili sana.

Jumamosi yake tukaamua kwenda Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu. Njia unaijua: unatoka Ipogolo, unapita Ilula, halafu unakutana na Kitonga. Kama hujawahi kuteremka Kitonga nikusimulie. Upande mmoja mlima, upande mwingine korongo, kona juu ya kona, na malori ya kwenda na kutoka Zambia yanatembea kama vinyonga.

Tulifika pale juu na spidi ambayo Mark II ile haikuwahi kufika na yule mshikaji. Akaanza kushika breki. Kona ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu nikasikia harufu kama ya mpira unaoungua. Ya nne nikaona mguu wake unakwenda chini, unakwenda tu, na gari halina habari. Mbele yetu kuna lori, nyuma ya lori limeandikwa maneno ya Mungu. Niliyasoma yote.

Kilichotuokoa ni kwamba alipata akili ya kuvuta gia kwenye mbili, injini ikapiga kelele, gari likapungua. Akamalizia na handbreki taratibu, tukaegesha pembeni penye upenyo. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanafuka moshi. Hatukusema neno kama dakika kumi. Mshikaji akaniangalia, akasema tu, "Mabati."

FUNDI MZEE ATOA SOMO

Tuliporudi tulimpelekea fundi mmoja mtu mzima. Shikamoo mzee, marahaba. Akafungua boneti, akacheka kwanza. Halafu akatupa somo ambalo nimeona nisilile peke yangu.

Kwanza, mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Gari la kilomita 120 kwa saa lina mzigo wa kusimamishwa mara nne ya lile la 60. Mzigo huo wote unageuka joto kwenye diski na pedi. Mkiongeza injini bila kugusa breki, akasema, mmemnunulia mtoto viatu vya mbio na kumfunga macho.

Pili, mafuta ya breki yanafyonza unyevu wa hewani kadiri yanavyozeeka. Yakiwa na maji yanachemka mapema, yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Ndiyo maana mguu ulikuwa unazama. Mafuta yale hakuna aliyeyabadilisha tangu gari lifike nchini.

Tatu, injini iliyozaliwa bila turbo huwa inashindilia mchanganyiko wake sana, mara nyingi karibu mara kumi. Zile za turbo kiwanda huzipunguzia, zinakuwa kwenye nane au tisa, kwa sababu turbo yenyewe imeshaanza kushindilia. Ukiweka turbo juu ya ile ya mara kumi bila kurekebisha petroli na moto wa plagi, injini inaanza kugonga. Leo inagonga, kesho pistoni imetoboka.

Nne, na hapa ndipo niliponyamaza. Unapomwona mtu na Tourer V, usidhani amenunua injini peke yake. Amenunua na breki kubwa zaidi, rejeta ya kazi hiyo, gia boksi ya kubeba nguvu ile, difu na shokapu, vyote vimepigiwa hesabu pamoja na watu waliosomea. Wewe ukiweka injini au turbo tu, vile vingine unadaiwa. Utavilipa mmoja mmoja, au utavilipa vyote siku moja Kitonga.

SASA NIUZE NINUNUE?

Najua kambi ya pili mnashangilia. Subirini, na ninyi mna lenu.

Tourer V ya mwisho ilitoka kiwandani miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Nyingi zimeshateswa huko Japani na vijana wenzetu wanaopenda kuteleza kwenye kona, halafu zikateswa tena hapa. Unaweza kuuza gari lako zima ukanunua maumivu ya mtu mwingine yaliyopakwa rangi. Ukiagiza kutoka nje, gari lililozidi miaka minane linatozwa kodi ya uchakavu, na injini iliyozidi ujazo wa sisi 2000 inatozwa ushuru zaidi ya ile ya chini yake. Bado hujaweka petroli.

Pia kuna wajanja. Wanachukua gari la kawaida, wanalitwisha injini ya 1JZ, wanabandika maandishi ya Tourer V nyuma, wanakuuzia kwa bei ya lenyewe. Dawa yake ni rahisi: soma namba ya chesisi. Iliyozaliwa na injini ya JZ inaanza na JZX. Iliyozaliwa na 1G inaanza na GX. Sura inadanganya, chesisi haidanganyi. Linganisha pia namba ya injini na ile iliyo kwenye kadi. Zikitofautiana, jua injini ilibadilishwa na mamlaka ya mapato haikuambiwa. Ukinunua hivyo, kesi umeinunua pia. Na ukimwona anawasha gari linatoa moshi wa bluu, msalimie uondoke.

WAKONGWE WALIFANYAJE?

Kijiweni ubishi wa magari hauishi bila Safari Rally, na hapa kila kambi ina shujaa wake.

Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya na nduguye Jaswant walishinda Safari na Volvo PV544 iliyokwisha tumika. Gari lile timu ya Volvo ilikuwa imelikimbiza mashindano ya 1964. Joginder alikuwa mtu wa gereji, spana anazijua kwa majina. Alichukua gari lililochoka, akaliandaa, akawaacha wenye magari mapya wakila vumbi. Kambi ya kwanza, huyo wenu.

Kambi ya pili nao wana wao. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza wa nne na Subaru Impreza ya kundi N. Kundi lile ni la magari yanayokaribia kabisa yale ya dukani, huruhusiwi kubadilisha mambo mengi. Gari lilikuwa na nguvu tangu kuzaliwa, yeye akalitunza mpaka mwisho.

Ukiwatazama vizuri hawa wawili hawapingani. Safari ilikuwa inavunja magari, na wa kwanza alikuwa yule ambaye gari lake bado lina magurudumu manne na breki. Hakuna aliyewahi kushinda kwa kelele za egzosi.

NINAVYOONA MIMI

Ukiniuliza leo, nakujibu hivi. Kama unachotaka ni gari lako liwe bora, limodifai, lakini anza chini upande juu. Anza na tairi. Soma zile tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani hata kama lina meno ni gumu kama kwato. Kisha pedi, diski, mafuta ya breki, shokapu, rejeta. Springi usikate. Ukimaliza hapo utashangaa gari lilelile linakwenda kwa raha, na pengine hamu ya turbo imekutoka.

Kama unachotaka ni farasi 280, kanunue gari lililozaliwa nazo, ukague kama unaoa. Kama hela haitoshi, basi haitoshi. Kupitwa hakuui. Mjini mwisho ni 50 kwa saa, sasa hizo 280 unazipeleka wapi? Na ukiteremka Kitonga au Iwambi kuelekea Mbalizi, teremka na gia, mguu wa breki uupumzishe.

Mshikaji aliuza ile turbo kwa hasara. Akanunua diski, pedi na tairi nne, kilichobaki akampelekea bimkubwa. Kilitosha upande mmoja wa paa. Upande wa pili, ule wa sebuleni, bado. Juzi mvua ilinyesha nikapita kumwamkia mama. Akanikaribisha chai, akasogeza kiti changu kidogo ili ndoo ikae vizuri chini ya tone. Hajui nani alimshauri mwanawe. Nilikunywa chai huku nasikiliza lile tone.

Nimeshamwambia mshikaji bati tano ni juu yangu. Na wewe unayejiandaa kufunga turbo, jiulize ni nani nyumbani anayesubiri hiyo hela.

Haya, tukutane wiki ijayo. Endesha taratibu!