Meza ya Saruji Haioshwi kwa Ndimu

Nyumba za kambi hukaliwa kwa zamu. Leo askari yumo na jamaa yake. Kesho huja barua ya uhamisho, naye humkabidhi mwenzake funguo. Vyombo hupakiwa, lakini meza ya jikoni hubaki pamoja na madoa yake.

Meza nyingi za namna hiyo zimejengwa kwa saruji au terazo. Mama wa nyumbani aonapo doa hukimbilia ndimu, kwa kuwa ameona jinsi ing'arishavyo sufuria. Hapo ndipo kosa lilipo. Katika saruji na marumaru mna chokaa, na ukali wa ndimu, siki au ukwaju huila chokaa hiyo. Alama nyeupe ibakiayo si uchafu, bali ni jeraha. Hata ukisugua mpaka jioni haitoki, na penye jeraha madoa mapya hupata maskani.

Basi, kwanza ipime meza yako. Dondosha maji kidogo mahali pakavu, ungoje dakika 10. Yakisimama kama shanga, meza ni salama. Yakizama na kuacha weusi, ujue kwamba mafuta nayo yatazama vivyo hivyo. Yafaa ipakwe dawa ya kuziba vitundu, isiyodhuru chakula.

Doa la mafuta huvutwa kwa poda nyeupe iliyokorogwa na maji hata ikawa kama uji mzito. Ipake, uifunike kwa nailoni usiku kucha, kisha uifunue ikauke, uifagie. Ikibidi, rudia. Manjano yakigeuka mekundu yaguswapo na sabuni, usishtuke. Ndiyo tabia yake. Suuza vema, na rangi itakayosalia uiachie jua la dirishani, mwanga huififisha.

Jambo moja ni la hatari kuliko yote: usichanganye jiki na ndimu, siki wala dawa kali ya choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini iunguzayo mapafu. Ndiyo hewa ambayo jeshi la Ujerumani liliwafungulia adui zake karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Silaha ya vitani haina nafasi jikoni penye watoto.

Kwa kazi ya kila siku, maji, sabuni na kitambaa laini vyatosha, mradi kilichomwagika kifutwe papo hapo. Nawe siku ya kukabidhi funguo, umwachie mgeni meza awezayo kukandia unga bila ya kuitandika gazeti.