Kivu: mtoto aliyeona vita atibiwe wapi?
Mtoto wa Shabunda aliyeona watu wakiuawa anaanza kukojoa kitandani, analia usiku, anakataa shule. Wazazi wanasema ni mapepo, wanampeleka kwenye chumba cha maombi. Wangefanya nini? SOSAME iko Bukavu, Tulizo Letu iko Goma, zote hospitali za akili za watawa Frères de la Charité. Na barabara ya Shabunda ni mbaya sana.

Ila kituo cha afya kiko karibu. Muuguzi pale anapima malaria, anachanja watoto. Akifundishwa pia kumsikiliza mtoto na kutambua anayehitaji hospitali, matunzo yataanzia kijijini. Mafunzo hayo yapo, lakini mara nyingi yanalipwa na mashirika ya kiutu, si serikali. Mradi ukiisha, muuguzi anabaki na malaria yake.