Ngoma ya Mwezi Mwandamo na Sikukuu za Waskoti

Mnamo mwezi wa Novemba, mwaka 1861, wageni wawili walifika Bweranyange, katika nchi ya Karagwe, kwa Omukama Rumanyika. Mmoja alikuwa Speke, Mwingereza. Wa pili alikuwa Grant, Mskoti, mzaliwa wa mji wa Nairn. Januari iliyofuata Speke alishika njia ya Buganda. Grant hakuweza kwenda, maana mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya, akabaki chini ya ulinzi wa Omukama hata Aprili 14, 1862, alipochukuliwa kwa machela. Mgonjwa hana kazi ila kutazama na kusikiliza, naye alisikiliza sana. Aliandika habari za enanga, akasema kwamba katika enanga moja iliyopigwa na bibi kizee, sauti sita katika saba zililingana barabara. Si kila mgeni wa siku zile aliyejisumbua kuhesabu sauti za enanga.

Jambo kubwa lililoandikwa na Speke ni ngoma ya mwezi mwandamo. Mwezi ulipoonekana, watu wa Rumanyika walikusanyika uani kwake, Omukama akiwa amevaa taji ya shanga na manyoya mekundu. Ngoma 35, kubwa kwa ndogo, zilipangwa safu moja, na nyuma ya kila ngoma alisimama mpigaji wake. Kisha wakuu walikuja mmoja mmoja, wakirukaruka na fimbo au mkuki mkononi, wakaapa kwa sauti kuu kwamba hawatampa adui kisogo. Ilikuwa ngoma, tena ilikuwa baraza ya utii: asiyefika alijulikana.

Basi twataka kueleza, je, Mskoti kama Grant kwao alikuwa na sikukuu gani? Wala tusidhani kwamba mambo haya yalikuwa mageni kabisa machoni pake. Katika milima ya Uskoti watu walikaa kwa koo, kila ukoo na mkuu wake. Walifuga ng'ombe, na mkuu alipoita, wanaume walikuja na silaha zao. Lakini Aprili 16, 1746, watu wa koo hizo waliomfuata mwana wa mfalme aliyetaka kiti cha enzi walishindwa vita huko Culloden, si mbali na Nairn. Serikali ikawanyang'anya wakuu mamlaka yao ya kuhukumu, ikakataza hata vazi la milimani, yaani nguo ya mistari inayofungwa kiunoni na kukunjwa makunjo, mfano wa kikoi. Katazo hilo lilidumu mpaka mwaka 1782.

Katika miaka iliyofuata, Waskoti wenyewe walianza kuunda vyama vya kuyarudisha mambo yao. Huko Braemar, mwaka 1832, chama kilianza kutoa zawadi za fedha kwa washindi wa mbio, wa kutupa jiwe na nyundo, na wa kurusha gogo. Mwaka 1848 Malkia Victoria alikuja kutazama, na sifa ikaenea. Hata zile nguo za mistari, ambazo kila ukoo hujivunia kuwa ni zake tangu kale, nyingi zilipangiwa koo katika karne ya 19 tu. Hatuoni aibu katika jambo hilo. Uzi uliokatika hufungwa fundo, na fundo huonekana.

Mchezo wa gogo unafaa kuelezwa, maana mgeni huutazama asiuelewe. Gogo la Braemar lina urefu wa futi 19 na zaidi, na uzito wa ratili 130 hivi. Mtu hulibeba wima, ncha nyembamba viganjani, hukimbia hatua chache, kisha hulirusha ili ncha nzito ipige chini na gogo lipinduke. Hakuna anayepima umbali. Ashindaye ni yule ambaye gogo lake huangukia mbele yake, limenyooka sawasawa na njia aliyokimbilia. Kando yake wasichana hushindana kucheza, na wapiga zumari za mfuko hupita kwa safu, ngoma zikiwafuata.

Katika Tanganyika sheria iliondoa mamlaka ya wakuu wa jadi mwaka 1963, na baraza ya mwezi mwandamo haina tena Omukama wa kuapiwa. Waskoti nao hawaapi tena kwa mkuu wa ukoo. Chama na tarehe vimeshika mahali pake. Kitabu cha Speke chatupa hesabu ya ngoma za Bweranyange, lakini mapigo yake hayamo. Hayo hutafutwa kwa wazee.

Grant mwenyewe hakukaa mtazamaji siku zote. Katika kitabu cha Speke, kilichopigwa chapa mwaka 1863, mna picha yake akicheza na Ukulima, mtemi mmoja wa Unyamwezi. Alifariki Nairn mwaka 1892. Mtu wa Karagwe au Kyerwa akisafiri huko mwezi wa Agosti ataikuta michezo ya mji huo. Na akifika Braemar, ajue kwamba siku yao ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba.