Je, Wajua? Mjane Ana Haki ya Kuolewa na Amtakaye

Je, wajua kwamba sheria ya Tanzania inamwachia mjane mwenyewe uamuzi wa kuolewa tena? Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba, hata kama mila ina lake, mwanamke aliyefiwa na mumewe yuko huru kuishi popote apendapo, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume amtakaye. Aliyefunga ndoa ya Kiislamu hungoja eda iishe. Hapa Mirongo, Mwanza, na kandokando ya ziwa, bado kuna misiba ambapo matanga yakianuliwa wazee wa ukoo humgeukia mjane na kumuuliza ni shemeji gani atamrithi. Kisheria, halazimiki kumchagua hata mmoja.

Wahindu walilipigania jambo hilihili zaidi ya miaka 100 kabla yetu. Katika familia za tabaka la juu huko Bengal, India, binti aliyeozwa angali mtoto akifiwa na mume alibaki mjane hadi kufa kwake. Mwanazuoni Ishwar Chandra Vidyasagar alipekua maandiko ya dini yake, akaonyesha kwamba yanaruhusu mjane kuolewa, kisha akakusanya saini za kudai sheria. Sheria ikapitishwa Julai 1856, na Desemba mwaka huohuo mjane wa kwanza akaolewa Calcutta kwa mujibu wa sheria hiyo. Harusi nyingi za namna hiyo Vidyasagar alizigharimia mwenyewe, hadi akaingia madeni. Mwaka 1870 mwanawe naye akamwoa mjane.

Lakini sheria hiyo ilikuwa na kasoro inayouma: mjane akiolewa tena, alipoteza haki yake katika mali ya marehemu.

Nasi je? Tangazo la sheria za kimila la mwaka 1963 linasema mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kwa hiyo anaweza kuwa huru kuolewa, na papo hapo akaondoka mikono mitupu, hata cherehani aliyokuwa akishonea ikabaki kwa wakwe.

Je, wajua kwamba pigo kubwa dhidi ya sheria hizo za mwaka 1963 lilitolewa hapahapa Mwanza? Mwanamke mmoja wa Kagera alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akamshtaki: mila inamruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, kuliuza hapana. Mahakama ya mwanzo ikabatilisha mauzo, ya wilaya ikampa ushindi mama huyo, mpwa akakata rufaa. Februari 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba Katiba imekataza ubaguzi, hivyo mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume auzavyo. Kwangu mimi, hiyo ni hukumu ambayo kila mtoto wa Mwanza angepaswa kufundishwa shuleni.

Haikuwafaa wote. Wajane wawili wa Kisukuma, waliofukuzwa na ndugu wa waume zao, walishindwa Mahakama Kuu mwaka 2006. Majaji walikiri kwamba mila hizo ni za kibaguzi, lakini wakakataa kuzifuta. Rufaa yao nayo ikakwama kwa dosari ya nyaraka. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki zao.

Siku ya Kimataifa ya Wajane, Juni 23, ina asili ya Kihindi pia. Ilianzishwa na Raj Loomba, mzaliwa wa Punjab, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1954 mama yake alifiwa na mume.

Msomaji, kama uko kwenye kikao cha ukoo na mjane ameketi kimya huku wengine wakimpangia, mtajie kifungu cha 68. Kisha msindikize mahakamani akafungue mirathi mapema, akiwa na cheti chake cha ndoa mkononi.