Bunge Baya, Mbunge Mzuri: Utangulizi

Novemba 2013, shirika la utafiti wa maoni la Gallup liliwauliza Wamarekani kama wanaridhishwa na kazi ya Kongresi, bunge lao. Walioridhika walikuwa asilimia 9 tu. Mwezi uliotangulia, ofisi nyingi za serikali zilikuwa zimefungwa kwa siku 16 kwa kuwa vyama viwili, Republican na Democratic, vilishindwa kuelewana kuhusu bajeti. Mwaka mmoja baadaye ukaja uchaguzi. Kati ya wajumbe wa Baraza la Wawakilishi waliotaka kurudi, zaidi ya tisa katika kila kumi walirudishwa.

Kila mwaka naanza somo hili kwa kuandika takwimu hizo mbili ubaoni, na kila mwaka yupo mwanafunzi wa kusema kwamba Wamarekani hawajui wanachotaka. Simbishii siku hiyo. Namwomba tu ashike swali moja: huyo mpiga kura mwenye hasira, akishaingia kwenye kituturi, anakuta nini kwenye karatasi?

Hakuti Kongresi. Anakuta wagombea wa kiti kimoja kati ya 435 vya Baraza hilo, na mara nyingi jina moja analifahamu kuliko mengine yote. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa siasa Richard Fenno aliamua kuwafuata wajumbe 18 hadi makwao. Alipanda nao magari, akahudhuria mikutano yao, akakaa pembeni kusikiliza. Kitabu alichokitoa mwaka 1978 bado ndicho ninachompa mgeni asome kwanza, maana kinanuka vumbi la safari kuliko karatasi za maktaba. Fenno aliona kwamba mjumbe akifika nyumbani hugeuka mkosoaji mkali wa Kongresi ileile anayoitumikia. Huwaambia watu wake kwamba kule Washington kumeoza, na ndiyo sababu wamrudishe yeye akapambane. Na wenzake wanasema hivyohivyo makwao. Hasira ya wananchi, ambayo ingemng'oa, inakuwa mtaji wake.

Mtaalamu mwenzake David Mayhew, aliyeandika miaka minne kabla ya Fenno, alikuwa mkavu zaidi. Tuchukulie, alisema, kwamba mjumbe anataka jambo moja tu: kuchaguliwa tena. Basi atajitangaza, atajidai kuwa ndiye aliyeleta kila jema, na atatoa misimamo inayopendeza masikioni. Ongeza hapo ofisi yenye watumishi wa kumsaidia mzee aliyekwama kwenye mafao yake au askari mstaafu anayedai matibabu. Ongeza haki ya kuwaandikia wapiga kura barua bila kulipia stempu. Utaelewa kwa nini zimwi likujualo huonekana afadhali.

Sasa tuseme mpiga kura wetu amewachoka wote, vyama vyote viwili. Aende wapi? Mfaransa Maurice Duverger alieleza mwaka 1951 kwamba pale kiti kimoja kinapochukuliwa na mwenye kura nyingi, hata zisipofika nusu, vyama huelekea kubaki viwili. Sababu moja ni ya hesabu. Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura za urais mwaka 1992, lakini kwa kuwa hakuongoza katika jimbo lolote, hakuambulia hata kura moja ya wajumbe wa majimbo wanaomchagua rais. Sababu ya pili imo kichwani mwa mpiga kura: hofu ya kupoteza kura yake. Mwaka 2000 George W. Bush alimshinda Al Gore huko Florida kwa kura 537, huku Ralph Nader, mgombea wa chama cha tatu, akiwa amekusanya zaidi ya 97,000. Tangu hapo, atajaye chama cha tatu huambiwa asiitupe kura yake, na Florida ndiyo fimbo anayochapwa nayo.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki atanyoosha mkono, na ana haki. Kenya nayo humpa kiti cha ubunge mwenye kura nyingi, urithi wa Mwingereza, lakini vyama vyake ni vingi, huungana na kuvunjika kila msimu, na wabunge wengi huangushwa. Kumbe kanuni ya Duverger hubana ndani ya eneo moja la uchaguzi; ili nchi nzima ibaki na vyama vilevile viwili lazima pawepo kitu kingine. Kwa Marekani, sehemu ya kitu hicho ni mizizi ya zaidi ya miaka 150 na sheria za majimbo zinazomtaka mgombea wa nje kukusanya sahihi tele kabla jina lake halijachapishwa. Vitabu vingi vya Kimarekani haviulizi swali la Mkenya huyo. Wewe liulize.

Mipaka ya maeneo ya uchaguzi nitaigusa tu. Gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts alitia saini mwaka 1812 sheria iliyochora eneo lililopinda kama mjusi, na hila hiyo ya kuchora mipaka kwa manufaa ya chama ingali ikiitwa kwa jina lake. Eneo likishakuwa mali ya chama kimoja, mashindano ya kweli huhamia kwenye mchujo wa ndani ya chama, ambako hujitokeza wachache. Ndiko alikoangukia Eric Cantor, kiongozi wa wengi katika Baraza, Juni 2014, akishindwa na mwalimu wa uchumi wa chuo kidogo. Sisi wahadhiri tulitembea tumetuna kwa wiki nzima.

Dawa zimejaribiwa. Majimbo 23 yaliwawekea wajumbe wao wa Kongresi ukomo wa vipindi. Mahakama ya Juu ikaufuta mwaka 1995, majaji watano kwa wanne. Jimbo la Maine lilichagua njia nyingine: mpiga kura hupanga wagombea kwa namba, na chaguo lake la kwanza likitolewa, kura huenda kwa la pili. Mwaka 2018 Bruce Poliquin aliongoza hesabu ya kwanza huko, lakini machaguo ya pili yalipohesabiwa, kiti kikaenda kwa Jared Golden.

Ungedhani majimbo mengine yangeikimbilia njia hiyo. Wapiga kura wa Nevada, ambako badiliko la katiba la kuileta njia hiyo lazima lipitishwe na wananchi mara mbili, waliikubali mwaka 2022. Mwaka 2024 wakaikataa. Oregon, Idaho na Colorado nazo zilikataa mapendekezo ya aina hiyo mwaka huohuo. Ukitaka pa kuanzia utafiti wako, anzia Nevada.