Korona ilibaki: tuishi nayo namna gani?

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza kwamba Covid-19 si tena dharura ya ulimwengu. Wengi wetu tulielewa kwamba ugonjwa umekwisha. Hapana, ulibaki kati yetu.

Kwa wengi unapita kama mafua. Lakini wengine homa inaisha, kisha kwa miezi mingi wanabaki na uchovu, kukosa pumzi na kusahausahau. Mama aliyezoea kupanda kilima na jembe lake sasa anaketi njiani apumzike. Tusiseme ni mvivu au imani yake ni ndogo. Eliya alipochoka, Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji (1 Wafalme 19).

Basi tumsaidie mama huyo kuchota maji na kulima. Tumpunguzie kazi za kanisa bila kumwondoa, tumsindikize kwenye kituo cha afya. Tufungue madirisha wakati wa ibada. Anayekohoa avae barakoa au abaki nyumbani, kwa ajili ya wazee wetu. Afya si kukosa homa tu. Ni pia kuwa na ndugu wanaokubebea mzigo.